Skalpeli, kijembe na kisu cha upasuaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji mjini Kisumu, na huu ni mwaka wangu wa 19 kazini. Kazi yangu ni kumpa daktari kifaa kabla hajamaliza kukitaja, na kuhesabu kila kilichoingia na kila kilichotoka. Lakini haipiti wiki bila mtu kuniuliza juu ya jina la kile kisu kidogo. Huuliza mwanafunzi wa uuguzi, huuliza mwalimu wa Kiswahili, huuliza kijana aliyepewa fomu ya idhini aitafsiri, na mara nyingi huuliza mgonjwa mwenyewe akiwa kitandani anasubiri zamu yake. Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Majibu nimeyapata kwa kusoma, kwa kuwauliza wazee na kwa kukishika chombo chenyewe.

Skalpeli ni nini hasa?

Ni kisu kidogo, chembamba, chenye makali mno, ambacho daktari mpasuaji hutumia kukata ngozi na nyama ya mwili. Zamani kilikuwa chuma kimoja mwanzo mwisho, kikinolewa baada ya kazi kama kisu kingine chochote. Siku hizi kina sehemu mbili. Kuna mpini wa chuma, bapa, usio na makali, urefu wake kama wa kalamu. Halafu kuna kipande cha makali kinachochopekwa mbele ya mpini, ambacho wodini sote twakiita bledi. Bledi ni ya mgonjwa mmoja, kisha hutupwa kwenye kisanduku cha manjano. Mpini huoshwa, hutiwa kwenye mtambo wa mvuke wenye shinikizo, joto la nyuzi 121 au 134, ukarudi kazini.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Kiswahili kimelichukua kwa Waingereza, nao katika maandishi yao linaonekana tangu karne ya 18. Wao walilitoa katika Kilatini, scalpellum. Na hapa ndipo swali linapokuwa tamu, maana scalpellum si neno zima. Ni kipunguzi. Neno kubwa lilikuwa scalprum, yaani patasi au kisu cha fundi, chombo cha mtu anayechonga mbao, anayechonga mawe au anayekata ngozi za viatu. Kitenzi chake ni scalpere, kuchonga, kukwangua, kukata. Mwisho huo wa -ellum hufanya kazi ileile ambayo kiambishi ki- hutufanyia sisi. Kwa hiyo scalpellum ni kipatasi, au kijisu cha fundi, tena fundi wa kawaida, si daktari.

Katika familia hiyohiyo kuna sculpere, kuchonga sanamu. Ukienda Tabaka, kule Kisii, ukawatazama mafundi wanaochonga mawe ya sabuni, utaona mkono unaotembea polepole, ubapa umelala kidogo, vumbi jeupe linaanguka, na fundi hasukumi kwa nguvu bali anaruhusu makali yafanye kazi. Nimesimama pale nikamwona mpasuaji wangu. Warumi waliokipa kisu jina hilo walikuwa wameona jambo la kweli: anayekata mwili vizuri na anayechonga jiwe vizuri wana mkono wa aina moja.

Je, lina uhusiano na neno la Kiingereza scalp, ngozi ya kichwa?

Halina. Hilo lilitoka lugha za Skandinavia. Yamefanana sauti tu. Nalitaja kwa sababu nimewahi kuona tafsiri iliyosema skalpeli ni "kisu cha kukatia ngozi ya kichwa", na mgonjwa wa ngiri akaisoma. Wazia hofu aliyopata mtu aliyekuja kutengenezwa kinena!

Mbona daktari aliyesomea Kongo aliita bisturi?

Kwa sababu Kifaransa husema bistouri, na Kongo hospitali huzungumza Kifaransa. Bistouri zamani lilikuwa jina la jambia, silaha ya kiunoni, kabla ya kuwa kisu cha tabibu. Wako wanaolifungamanisha na mji wa Pistoia nchini Italia, ingawa wataalamu hawajakubaliana juu ya asili yake.

Wajerumani na Warusi walichukua neno la Kilatini kama Waingereza. Hospitali yetu kubwa ya rufaa hapa Kisumu, ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na mpaka leo ukipanda boda ukasema "nipeleke Russia" hutaulizwa mara mbili. Daktari wa Kisovieti aliyenyoosha mkono akataka skalpel alieleweka na muuguzi aliyefunzwa kwa Kiingereza, kwa neno hilo moja tu.

Na lanseti je? Ni kitu kilekile?

Ni jamaa yake, si yeye. Lanseti ni kisu chenye ncha mbele na makali pande zote mbili, kilichotumiwa kutoboa mshipa ili kutoa damu au kutumbua jipu. Jina ni la Kifaransa, lancette, nalo pia ni kipunguzi: mkuki mdogo. Mnaona mtindo? Patasi ikapunguzwa ikawa skalpeli, mkuki ukapunguzwa ukawa lanseti. Tabibu alichukua chombo cha fundi au cha askari, akakifanya kidogo, na lugha ikamfuata.

Siku hizi ukisikia lanseti hospitalini ni kile kijisindano cha kutoboa kidole tunapopima malaria au sukari. Lakini kwa wasomaji wa tiba ulimwenguni, The Lancet ni jarida, lililoanzishwa London mwaka 1823 na Thomas Wakley, aliyelipa jina la kisu hicho. Mwaka 2007 jarida hilo lilichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Kisumu, wa wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, kuhusu tohara na virusi vya Ukimwi. Ulionyesha kwamba waliotahiriwa hatari yao ya kuambukizwa ilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha mpango wa tohara ya hiari katika mkoa wa Nyanza. Vijana wengi wa Kijaluo, ambao babu zao hawakuwa na desturi ya kutahiri, waliingia vyumbani mwetu kwa sababu ya matokeo yaliyochapishwa chini ya jina la kijisu. Nilikuwa mmoja wa waliowapokea, na huwa nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka.

Je, neno "chanjo" nalo linahusiana na kisu?

Ndiyo, na wengi hawajui. Kuchanja ni kukata: unachanja kuni, unachanja ngozi. Chanjo ya ndui ya zamani haikudungwa kwa sindano. Ngozi ya mkono ilikwaruzwa au kutobolewa kwa ncha, dawa ikapakwa kwenye kidonda kile. Edward Jenner alipomchanja mtoto James Phipps huko Uingereza tarehe 14 Mei 1796, alimkata vijikato mkononi. Waswahili walioona jambo hilo hawakuhitaji neno jipya, kwa kuwa kuchanja ngozi na kupaka dawa walikuwa wakikujua tangu kale. Ndui ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980, sindano zikachukua nafasi ya ncha, lakini neno likabaki na makali yake ndani. Mama anayempeleka mtoto kliniki "kuchanjwa" anatumia neno la kisu bila kujua.

Kwani Kiswahili hakikuwa na neno lake hadi tukakopa?

Kilikuwa nalo, na hili ndilo swali ninalopenda kuulizwa kuliko yote.

Neno ni kijembe. Msomaji wa leo akilisikia anafikiria mtu aliyekaa barazani anamrushia jirani maneno ya mafumbo. "Amenipiga kijembe." Lakini kabla ya kuwa neno la mdomo, kijembe kilikuwa chuma: kisu kidogo chenye makali cha kupigia chale na kuchanjia. Tabibu wa jadi alikata vijikato kwenye ngozi, akapaka dawa, au akaweka pembe juu yake akafyonza damu. Kazi hiyo ya pembe huitwa kuumika, na pembe yenyewe ni chuku.

Sasa sikilizeni. Kijembe kikahama kutoka ngozini kikaenda kwenye maneno, kikawa tusi lililofichwa, linalokata bila kelele na mtu akahisi uchungu baadaye. Chuku nayo ikahama, kupiga chuku kukawa ni kuongeza chumvi, kulivuta jambo dogo likavimba, kama nyama inavyovimba ndani ya pembe. Mwanafunzi wa sekondari Nakuru au Kakamega anayejibu swali la tamathali za usemi na kuandika "chuku" ameshika chombo cha tabibu bila kujua. Vyombo viwili vya mkoba mmoja vimekuwa maneno mawili ya fasihi. Nikiwaeleza wanafunzi wangu hivi, huwa wananyamaza kidogo, kisha mmoja huuliza kama ni kweli. Ni kweli. Fungueni kamusi.

Halafu tazameni umbo: jembe, kijembe. Yaonekana chombo cha mkulima kilipunguzwa kwa ki- kikawa chombo cha tabibu. Kama ni hivyo, hiyo ni njia ileile waliyopita Warumi na patasi yao. Hakuna aliyemwiga mwenzake.

Na wembe je? Nao ni neno la Kibantu, la siku nyingi. Kinyarwanda husema urwembe. Wazee wa Bungoma wanapozungumzia kisu cha kutahiria utasikia lukembe. Linasikika kama sauti ya nyumba moja. Kwa hiyo anayesema kwamba wembe uliletwa kwenye pakiti za dukani anakosea. Kilicholetwa ni pakiti.

Basi kwa nini tusiache kukopa, tuseme "kijembe"?

Moyo wangu unataka. Kazi yangu inanizuia. Nilijaribu, miaka mingi iliyopita, kumwambia mzee mmoja kwamba daktari atatumia kijembe. Alinitazama kwa huzuni akauliza amemkosea nini daktari hata atupiwe vijembe. Neno likishahama nyumba huwezi kulirudisha kwa nguvu, na kitanda cha mgonjwa si mahali pa kujaribia.

Kwenye maandishi, pale msomaji ana nafasi ya kutulia, naona "kijembe cha upasuaji" ni jina zuri kabisa, na ningependa waandishi wa vitabu vya sayansi walitumie angalau mara moja kando ya skalpeli, ili watoto wajue hatukuanza na ukimya.

Waarabu walikuwa na upasuaji mkubwa. Mbona hawakutuachia jina la kisu chao?

Walituachia mengi ya jirani yake. Mkasi ni wa Kiarabu. Tabibu ni wa Kiarabu. Tohara vilevile, kwa asili ikiwa na maana ya usafi. Jeraha pia, na ajabu ni kwamba kwa Kiarabu upasuaji wenyewe unaitwa jiraha, kutokana na mzizi huohuo wa kujeruhi: daktari ni mtu anayejeruhi ili aponye. Az-Zahrawi, daktari wa Cordoba huko Hispania, aliyefariki mwaka 1013, alichora katika kitabu chake vyombo karibu 200 vya upasuaji, visu vya kila namna vikiwemo. Kisu kama hicho Waarabu hukiita mibdaa au mishrat, lakini majina hayo hayakuingia kwetu. Naona sababu ni nyepesi. Mkasi wa vipini viwili ulikuja na jina lake. Kisu, wembe na kijembe tulikuwa navyo, kwa hiyo jina la mgeni halikupata mahali pa kukaa.

Kabla ya hospitali, watu wa huku Magharibi mwa Kenya walipasuana kweli?

Walipasua mpaka fuvu la kichwa.

Abagusii wa Kisii walikuwa na wapasuaji wa vichwa, omobari mmoja, ababari wengi. Mtu akipigwa rungu au akigonga kichwa, kisha maumivu yakamkaa kwa miezi yasitoke, alipelekwa kwa omobari. Ngozi ya kichwa ilikatwa kwa kisu kidogo, ikafunuliwa, kisha mfupa ukakwanguliwa polepole, kidogo kidogo, mpaka utando unaofunika ubongo uonekane bila kuguswa. Madaktari wa hospitali walikwenda kuwatazama, wakaandika, wakapiga picha, na wagonjwa wengi waliofanyiwa kazi hiyo walipatikana wakiwa hai miaka baadaye. Kazi hiyo iliendelea mpaka ndani ya karne ya 20. Kumbukeni kitenzi cha Kilatini: scalpere, kukwangua. Ababari hawakujua Kilatini, ila ukitaka kuona maana ya neno hilo ikitendeka, ilikuwa pale milimani Kisii.

Si kwamba nawatuma mwende huko leo. Dawa ya usingizi, damu ya kuongezwa na picha za ndani ya kichwa zina maana kubwa, na maambukizi ya ubongo huua. Ninachokataa ni ile hadithi kwamba kisu cha tabibu kilishuka kwenye meli.

Ng'ambo ya pili, huko Bunyoro nchini Uganda, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mwaka 1879 mahali paitwapo Kahura mama akipasuliwa kujifungua. Mama alinyweshwa mvinyo wa ndizi, na mvinyo huohuo ukaoshea mikono ya mpasuaji na tumbo la mama. Kisu kilipita upesi. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, jeraha likabanwa kwa vijiti vya chuma vilivyosuguliwa na kuzungushiwa uzi, likapakwa dawa ya mizizi iliyosagwa. Mama na mtoto walipona. Joseph Lister alikuwa ametangaza njia yake ya kuua vijidudu vya jeraha mwaka 1867, miaka 12 tu kabla ya hapo, na hospitali nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinabishana kama kuna haja ya kunawa. Ninaposoma habari ya mvinyo ule ukimwagwa mikononi, nasimama kila mara.

Kisu cha ngariba na skalpeli vina tofauti gani?

Kwa umbo na kazi si mbali. Kwa Wabukusu mtahiri ni omukhebi, na msimu ni Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili. Kisu chake hunolewa na yeye mwenyewe, na kina heshima yake ambayo bledi ya kiwandani haiwezi kuipata. Tofauti inayomhusu muuguzi ni moja: kisu kimoja kisipite vijana wawili bila kusafishwa ipasavyo. Familia nyingi sasa zinakubali sherehe yote iende kwa desturi, na mkato ufanywe kwa bledi mpya kwa kila kijana. Nawashukuru wazee waliolikubali hilo.

Lakini tusifiche. Neno ngariba linabeba pia maumivu ya wasichana. Ukeketaji ulipigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, na wanawake wengi wanaofika kujifungua kwetu bado wana makovu yake. Kwa sababu hiyo, mbele ya mama, sitamki "kisu cha ngariba" hata kwa mfano.

Je, jina la Kisumu linatokana na kisu?

Hapana. Wengi huku huelezea kwamba linatokana na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, kwa kuwa hapa palikuwa soko. Na kisu chenyewe kwa Kijaluo ni pala.

Namba zile kwenye bledi zinamaanisha nini?

Ni umbo, si ubora, wala si ukubwa kwa mfuatano. Bledi namba 10 ina tumbo la mviringo na hutumiwa kwa mkato mrefu wa ngozi. Namba 11 imenyooka ina ncha kali, na hiyo ndiyo ya kutumbulia jipu: unachoma kisha unainua. Namba 15 ni kama 10 iliyofanywa ndogo, kwa kazi za uso, vidole na watoto. Hizo zote huingia kwenye mpini namba 3. Namba 20 hadi 24 ni pana zaidi na huingia mpini namba 4.

Mfumo huo wa bledi ya kuchomoa ulisajiliwa Marekani mwaka 1915 na kijana aitwaye Morgan Parker, wakati nyembe za kunyolea za kutupa zilikuwa zimeshazoeleka. Kwa hiyo wanafunzi wangu wanaosema "wembe wa daktari" hawako mbali na ukweli.

Ombi moja kwa mwanafunzi anayesoma hapa: usichomoe bledi kwa vidole. Shika kwa koleo, elekeza makali mbali nawe, inua kisigino cha bledi, sukuma. Nilimshika mkono mwanafunzi kutoka Nakuru aliyetaka kuonyesha kwamba anaweza kwa kidole gumba, na damu ilikuwa imeshaanza kutiririka. Alitumia dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi kwa siku 28 akisubiri majibu. Majibu yalikuwa mazuri. Zile siku 28 hazikuwa nzuri.

Kwenye orodha ya vitu vya kununua wameandika "wembe". Ni wa upasuaji?

Mara nyingi la. Huo ni wembe wa kunyoa mahali patakapokatwa, au kwa mama mjamzito, wembe mpya wa kukatia kitovu iwapo uchungu utamshika njiani. Usiufungue kwenye karatasi yake. Wembe uliotumika ukikata kitovu unaweza kuleta pepopunda, na pepopunda ya kichanga haina huruma. Kama umetakiwa kununua bledi ya upasuaji, orodha itataja namba. Ukiona neno "wembe" pekee, uliza. Najua fomu moja ya hospitali ambayo mtafsiri aliandika "wembe" kila mahali, na wagonjwa watatu katika siku moja walikuja na pakiti za nyembe za kunyolea wakidhani ndizo watakazopasuliwa nazo. Mmoja alikuwa amekesha usiku mzima.

"Kisu cha umeme" ni skalpeli?

Si skalpeli. Ni kalamu yenye ncha inayopitisha umeme, inakata na kuziba mishipa midogo kwa pamoja. William Bovie aliitengeneza, na mpasuaji Harvey Cushing akaitumia kwa mgonjwa Boston mwaka 1926. Mkato wa kwanza wa ngozi bado wapasuaji wengi huufanya kwa bledi.

Nikiandika, ngeli yake ni ipi?

I-ZI. Skalpeli hii, skalpeli hizi, skalpeli imeanguka. Kijembe na kisu ni KI-VI. Wembe huu, nyembe hizi. Mtu mwenyewe ni daktari mpasuaji au mpasuaji, na kazi ni upasuaji. Sipendi "operesheni" kwenye maandishi, kwa sababu polisi nao wana operesheni, ingawa wodini naisema kila siku.

Mgonjwa akiniuliza atakatwa na nini, nimjibu vipi?

Usikimbilie neno la kitabuni. Nitawaambia nilivyofanya na dani mmoja, yaani bibi kizee kwa Kijaluo, muuza samaki wa Dunga, aliyekuja kutolewa uvimbe begani. Tulipofika kwenye idhini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyathina," yaani mwanangu, "mtatumia kisu?" Nikasema ndiyo. Akauangalia ukuta. Nikatambua kwamba kisu anachokijua yeye ni kile cha kupara mbuta, kipana kama kiganja, kinachonolewa juu ya jiwe kila alfajiri, na magamba yamekauka kwenye mpini.

Nikaenda nikaleta bledi namba 15 ikiwa ndani ya karatasi yake ya fedha, haijafunguliwa. Nikamwekea kiganjani. Aliipapasa kwa kidole gumba juu ya karatasi, kwa uangalifu wa mtu aliyeishi na makali maisha yake yote, akafuata tumbo lake dogo la mviringo mpaka kwenye ncha, kisha akailinganisha na ukucha wake.

"Hiki ndicho?"

"Hicho, dani. Na kikishakugusa wewe hakimgusi mtu mwingine tena. Kinatupwa."

"Lakini hiki si kisu," akasema. "Hiki ni kijisu." Akanirudishia karatasi, akaomba kalamu ya kutia sahihi.